Siku Mashine Ilipomkana Maman Ngoie

Nimestaafu. Nina miaka kumi na minane na nimestaafu kazi ya Jumamosi katika pharmacie, duka la dawa la Papa Mwamba, hapa Schaerbeek mjini Bruxelles, pale tram inapokata kona. Juzi nilirudisha blouse nyeupe, lile koti la kazi, imefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na ufunguo wa kabati la nyuma. Kuanzia Septemba nitakuwa nasoma chuoni Woluwe, na Jumamosi zangu zitakuwa za hospitali. Binamu yangu Gracia ndiye atakayevaa ile blouse baada yangu, na baada ya Gracia atakuja mwingine. Haya nawaandikia ninyi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya kazi ile inafanyika kwa Kiswahili, na kwa sababu Kifaransa changu kimeshasahihishwa na walimu vya kutosha.

Mambo ya mshahara sitayataja. Ni mshahara wa mwanafunzi, unajulikana.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa haya. Simaanishi ile haya ambayo wakubwa wanaisifu. Yangu ni ya kupitiliza kituo kwenye tram kwa sababu naona aibu kumwomba mtu anipishe mlangoni. Siku ya kwanza kazini nilipitiliza vituo viwili, nikarudi kwa miguu, nikafika nimechelewa na jasho likinitoka. Papa Mwamba hakuuliza. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, mfamasia, mwenye miwani ambayo huipandisha kwenye paji la uso halafu akaitafuta mifukoni.

"Déborah," aliniambia, "hapa kuna sheria mbili tu. Ya kwanza: jina ya dawa ya muntu haisemwake kwa sauti. Ya pili: boîte haitokake mbele ya carte kuingia. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

"Sema kwa nguvu, ba-client si madaktari ya masikio."

Sheria ya kwanza niliielewa papo hapo, ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yangu: kazi ambayo unakatazwa kusema kwa sauti! Ya pili, kwamba boksi la dawa halitoki kabla kadi haijaingia, ilinichukua muda, na hiyo ndiyo nataka niwaeleze vizuri, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wanakasirika mbele ya kaunta.

Mgonjwa anakuja na maagizo ya daktari. Anatoa kitambulisho, kinaingizwa kwenye mashine ndogo ya kusoma kadi. Kompyuta inaiuliza mutuelle, yaani mfuko wake wa bima ya afya: huyu mnamjua? Mutuelle ikijibu ndiyo, mgonjwa analipa kipande chake tu, mara nyingi kidogo. Kipande kikubwa kinabaki kinaning'inia hewani. Dawa imeshaondoka na mgonjwa ameshaondoka, lakini pesa bado. Mwisho wa mwezi maagizo yote yanatumwa kwa ofisi ya tarification, ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuiona. Wao ndio wanaozidai mutuelle na kumletea Papa Mwamba haki yake. Kila boîte ina alama zake zinazopigwa scanner, ili isilipiwe mara mbili. Na kwa kila boîte anayotoa, mfamasia ana honoraire yake, yaani ada, iwe anatoa dawa ya bei ndogo au ya kutisha.

Kwa hiyo biashara yote imesimama juu ya lile jibu la kwanza. Mutuelle isipomjua mtu, hakuna wa kudaiwa. Mfamasia anaweza kumpa dawa kwa bei kamili, au aitoe mfukoni mwake mwenyewe, na mifuko ya Papa Mwamba ina miwani tu.

Mimi sikuruhusiwa kutoa dawa, na nyinyi pia hamtaruhusiwa, hiyo ni ya mfamasia. Kazi yetu ni kufungua zile kreti za plastiki zinazoletwa asubuhi, kupanga boîte kwenye droo, zile zinazokwisha tarehe mapema zikae mbele, kupanguza kaunta, kupokea kadi na kuiingiza kwenye mashine. Pia kupeleka mifuko iliyofungwa kwa watu wasioweza kutembea. Ushauri wa vitendo: kadi isiposomwa, ipanguze kwenye mkono wa blouse. Papa Mwamba anasema haisaidii kitu. Inasaidia.

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Nilijifunza kupanda ngazi ya droo za juu bila kuonyesha soksi zilizotoboka. Nilijifunza kusema "bonjour" ambayo ilisikika hadi kwenye mizani ya watoto. Wamama wa Kituruki wa barabara ile walianza kuniita "kızım", yaani binti yangu, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Halafu ikaja kesi ya Maman Ngoie.

Maman Ngoie ni mjane, mtu wa Likasi, anaimba sauti ya kwanza kwenye chorale ya parokia. Alipofiwa na dada yake mkubwa alirudi Congo kwenye kilio, na kilio kikazaa mikutano ya familia, mikutano ikazaa kuumwa goti, na akakaa kule miezi. Jumamosi aliyorudi kwetu alikuja na pagne mpya ya kitenge na maagizo ya dawa yake ya kuzuia damu isigande. Zamani aliwahi kupata donge la damu kwenye pafu, na daktari alimwambia hiyo dawa asiiruke hata siku moja. Niliingiza kadi. Kompyuta ikauliza. Mutuelle ikajibu kwamba haimjui.

"Ingiza tena," Maman Ngoie alisema.

Niliingiza tena. Niliipanguza kwenye mkono wa blouse, nikaingiza mara ya tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Nilimwita Papa Mwamba kwa macho, maana sauti ilikuwa imekwisha.

"Maman," Papa Mwamba alisema polepole, "mutuelle banasema habakujue."

"Habanijue? Miye? Nilifika hapa Bruxelles hii tram ingali na rangi ingine!" Aligeuka akawaangalia watu kwenye foleni kama mashahidi. "Papa Mwamba, weye unanijua ao haunijue?"

"Miye minakujua muzuri. Lakini si miye njo nalipa."

Alimwambia bei kamili kwa sauti ya chini. Maman Ngoie alirudisha pochi kwenye mkoba bila kuifungua.

"Bon. Haina shida. Maman Furaha wa chorale anakunywaka pia dawa ya damu. Atanigawia."

Papa Mwamba alishusha miwani puani. Hilo hulifanya mara chache. "Maman, non, non, non. Ya Maman Furaha ni ya pression, ya damu kupanda. Ya kwako ni ya kukataza damu kuganda."

"Damu si ni damu?"

"Damu ni moja, Maman. Dawa ni mbili."

Walibishana. Wamama wetu hugawana vidonge kama wanavyogawana chumvi, kwa upendo, na Papa Mwamba amepigana na desturi hiyo tangu afungue duka. Mwisho alimpigia daktari, wakapata boîte ndogo kabisa ya dawa ileile. Alitaka kumpa, alipe baadaye. Maman Ngoie alikataa. "Nyama nitakopa. Dawa, hapana." Aliilipa nzima, noti kwa noti, na Papa Mwamba akampa karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa yote mwenyewe, ili mutuelle imrudishie siku ikimkumbuka. Kisha aliipigia mutuelle. Wakasema commune, yaani ofisi ya manispaa, haina tena adresse, anwani ya yule mama, kwa hiyo aanzie commune.

"Adresse yangu imeenda wapi?" Maman Ngoie aliuliza. "Ni nyumba, si kuku."

"Uende commune, Maman. Ubaulize."

"Miye niende pale, kwa umri huu, kuomba kuwa muntu? Siendi."

Akatoka na boîte yake ndogo. Mimi na Papa Mwamba tulijua kwamba vidonge vile havikuwa vingi, na kwamba vikiisha, njia ingekuwa moja tu: chumvi ya Maman Furaha.

Jumamosi iliyofuata soksi zake zilifika, zile ndefu za kubana miguu ambazo aliziagiza kwa ajili ya uvimbe. Papa Mwamba alizifunga kwenye mfuko akanipa. "Peleka. Na umuangalie uso. Kama anapumua mubaya, unaniita palepale."

Sikuwahi kufika kwake. Nyumba niliiona, namba niliiona. Nilisimama mbele ya kengele za mlango nikasoma majina. Ngoie halikuwepo. Mtu mwingine angebonyeza kengele yoyote na kuuliza. Mimi siwezi. Mtu wa haya husoma kengele zote mara mbili, halafu mara ya tatu, akiomba Mungu jina lijitokeze lenyewe. Ndiyo maana niliona kitu ambacho asiye na haya asingekiona: kengele ya ghorofa ya pili ilikuwa na sticker nene ya dhahabu, TRÉSOR LE BARBIER, na pembeni yake, chini ya dhahabu, ilichungulia herufi N ya karatasi ya zamani.

Nikabonyeza dhahabu.

Alishuka kijana wa miaka kama thelathini, mashine ya kunyolea mkononi, nywele za mteja zimemjaa kwenye aproni. Alikuwa Trésor, mtoto wa kaka yake Maman, anayekaa naye.

"Eh, petite ya pharmacie! Panda, panda, Maman eko pale yulu."

"Yaya Trésor," nilisema, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya, "jina la Maman liko wapi?"

"Iko chini ya yangu. Ba-client banatoka Porte de Namur, banapotea njia. Nikaweka publicité."

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Labda kwa sababu tulikuwa kwenye ngazi, na kwenye ngazi hatukuwa tunaangaliana. "Hakuna mtu mwingine aliyepotea?"

Alicheka. "Ni polisi tu! Maman alikuwa Congo, polisi ya quartier akakuya na kinga yake, ile baiskeli, akatafuta jina, hakuona. Akanisonera miye kengele. 'Monsieur, Madame Ngoie anaishi hapa?' Miye nikafanya sura ya mupumbavu: sijui, Monsieur, simujue, miye ninakataka tu nywele." Alijipiga kifua kwa mkono wenye mashine. "Akarudi mara ingine. Vilevile! Simujue! Mutu ya famille, unamulinda, ao namna gani?"

Nilisimama katikati ya ngazi na soksi za Maman mkononi.

Msimcheke Trésor. Mama yangu ni mtu wa Bukavu, na jambo la kwanza alilonifundisha, kabla ya kufunga viatu, ni kwamba mtu mwenye uniforme akiuliza mtu mzima wa nyumbani yuko wapi, wewe hujui. Kule hiyo "sijui" imeokoa watu. Ningefungua mimi mlango ule, ningejibu vilevile, tena kwa sauti ndogo zaidi. Lakini yule polisi wa mtaa, mtu wa baiskeli, hakuja kukamata mtu. Alikuja kuhakikisha kwamba mtu aliyeandikwa pale anaishi pale. Hakuona jina, akaambiwa hajulikani, akaandika hajulikani. Commune ikamfuta. Mutuelle ikaiuliza commune. Na mashine yetu ikaiuliza mutuelle. Ile "simujue" ya Trésor ilitembea nyumba kwa nyumba hadi kwenye kaunta yetu, na nilikuwa mimi niliyeipokea.

"Yaya," nilisema, "mashine ilisema maneno yako."

Nikamweleza. Uso wake ulibadilika polepole. Kutoka juu, mlango ukafunguka.

"Trésor." Ilikuwa sauti ya kwanza ya chorale. "Ulisema haunijue?"

"Maman, ilikuwa juu ya kukulinda…"

"Ulisema haunijue, na bukari yangu, ugali yangu, unakula?"

Mteja aliyeachwa kichwa kimenyolewa nusu naye alitoka kusikiliza. Maman Ngoie alimwangalia Trésor, halafu akaniangalia mimi, halafu akafanya kitu nisichokitegemea: alitabasamu.

"Sasa njo nimeelewa. Basi pale commune siendi kuomba. Naenda kubaambia Trésor alidanganya. Hiyo naweza kuenda ata leo!"

Ilikuwa Jumamosi, commune imefungwa. Jumatatu kabla ya shule nilikuwa tena kwenye ngazi ile, maana ilibidi kupiga simu commune kuomba rendez-vous, yaani miadi. Trésor alinyoosha mkono kuchukua simu, na Maman Ngoie akampiga kofi dogo mkononi. "Weye umeshasema mingi. Atapiga Déborah."

Mimi simu naiogopa kuliko mbwa. Nilipiga. Nilisema vizuri? Hapana. Nilitaja jina langu mara mbili na la Maman nikalisahau, nikasema bonjour katikati ya mazungumzo. Lakini sikukata. Trésor alikuwa ananyanyua kidole gumba kila nikitamka neno, kama mtu anayefundisha mtoto kuendesha baiskeli. Tukapata Jumatano mchana, wakati shule za hapa huwa zimefungwa.

Dada wa guichet, dirisha la kuhudumia watu pale commune, hakuwa mkali. Alisikiliza hadithi nzima ya kilio, goti, sticker na kinyozi, akauma midomo asicheke, akasema faili itafunguliwa tena, ila polisi wa mtaa lazima apite kuona. Siku haijulikani.

Kuanzia jioni ile nyumba ya Maman Ngoie iligeuka kituo cha kungojea. Trésor aliibandua ile dhahabu kwa mashine ya kukaushia nywele na ukucha. Akaandika NGOIE kwa herufi ambazo zingesomwa kutoka upande wa pili wa barabara. Maman alikaa karibu na dirisha na pagne ya Jumapili, hakwenda sokoni, hakwenda mazoezi ya chorale. Kila asubuhi alikunywa kidonge chake, akatikisa boîte ndogo asikie inavyolia. Kila siku mlio ulipungua.

Polisi alipokuja sikuwepo, lakini nimehadithiwa mara nyingi kiasi kwamba naikumbuka. Kengele ililia, na Trésor alishuka ngazi tatu tatu. Kabla yule mtu hajamaliza bonjour yake, akaanza: "Eko! Madame Ngoie eko, Monsieur! Anaishi hapa, analala hapa, anakula hapa, ananigombeza hapa!" Nusu Kiswahili, nusu Kifaransa. Polisi akamwangalia akasema kwamba mara zilizopita hakumjua. "Nimemujua sasa," Trésor akajibu. Na Maman Ngoie, juu, akatoa kadi yake, akampa kiti, akampa chai, akamwimbia ubeti mmoja ili ahakikishe ni yeye.

Jumamosi iliyofuata aliingia pharmacie. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa rhume wanapiga chafya, mtoto analia, mama mmoja wa Kituruki niliyemzoea na mifuko yake. Maman Ngoie hakuja mbele kwa nguvu kama kawaida yake. Alisubiri zamu. Trésor alikuwa nyuma yake, kofia mkononi kama yuko kanisani. Maman alipofika kwenye kaunta, alitoa ile boîte ndogo, akaitikisa. Haikulia. Kidonge cha mwisho alikuwa amekinywa asubuhi.

"Ingiza," alisema.

Papa Mwamba alikuja akasimama nyuma yangu. Alijua kwamba kama jibu ni lilelile, leo hakuna bei ndogo ya kumwambia. Nilipanguza kadi kwenye mkono wa blouse. Papa Mwamba hakusema kwamba haisaidii. Nikaingiza.

Kompyuta ikauliza. Huwa inachukua muda ule ule wa kuvuta pumzi, lakini siku ile pumzi ilikuwa ndefu. Duka lote lilikuwa linaiangalia mashine, hata watu wasiojua kinachoendelea, maana uso wa Maman Ngoie ulikuwa unawaeleza.

Mutuelle ikajibu.

Nilipaswa kusema kwa sauti ya chini. Ndiyo sheria ya kwanza. Lakini jina la dawa sikulitaja, Gracia, nakuapia. Nilitaja neno moja tu, na nililitaja kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikasikika hadi kwenye kituo cha tram:

"Eko!"

"Niko?" Maman Ngoie aliuliza.

"Uko, Maman!"

Akapiga vigelegele. Vigelegele vya sauti ya kwanza, ndani ya pharmacie, kati ya dawa za kikohozi na krimu za watoto. Trésor akaruka. Mama wa Kituruki akaweka mifuko chini akapiga makofi, akaniambia "kızım, bravo," na nilimjibu kwa mdomo, si kwa kichwa. Yule mtoto aliyekuwa analia alinyamaza kwa mshangao. Papa Mwamba mwenyewe alikwenda kwenye droo, akaleta boîte kubwa, akaipiga scanner, ikalia tiit, na Maman Ngoie akalipa kipande chake kidogo kwa kiburi cha mtu anayenunua nyumba.

"Sasa njo banatulipa," Papa Mwamba alisema, akatafuta miwani yake mifukoni. Ilikuwa puani.

Mwisho wa mwezi boîte ile ilikwenda tarification pamoja na nyingine zote, ikarudi imelipwa kama nyingine zote, na honoraire yake ilikuwa sawa na ya boîte ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kusema hamjui. Ile karatasi ya boîte ndogo nayo mutuelle iliipokea, Maman akarudishiwa chake. Akanunua nyama. Hakukopa.

Mengine mtajifunza wenyewe. Ngazi ya droo za juu inacheza upande wa kushoto. Asubuhi kreti huwa nyingi, kuleni kwanza. Mkitumwa nyumba za watu, someni kengele zote. Ile haya yenu njooni nayo, itapata kazi ya kufanya.

Na moja la mwisho, hili ni la Gracia. Tangu siku ile, kila Maman Ngoie anapokuja, hasubiri kadi iingie. Anasimama mlangoni, nyuma ya watu wote, na anauliza kwa sauti ya chorale: "Niko?" Jumamosi yangu ya mwisho aliuliza hivyo, nami nikamjibu kutoka juu ya ngazi, mikono imejaa boîte, na foleni nzima ikageuka. Atakuuliza na wewe. Usimjibu kwa kichwa.

Sema kwa nguvu: "Uko, Maman!"